Sukari Imeshuka, Sindano Ibaki

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mpwapwa, nauza mitumba. Binti yangu wa kwanza ana miaka 11, yuko darasa la tano. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kunywa maji bila kukata kiu, na usiku akawa anakojoa kitandani, tabia aliyoiacha akiwa mdogo kabisa. Akakonda hadi sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini. Zahanati walisema malaria, mara ya pili wakasema UTI. Siku alipoanza kutapika na kuhema tukamkimbiza hospitali ya mkoa. Mashine ya sukari ikaandika HI, yaani juu mno, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Tukaambiwa ni kisukari, na atachomwa sindano asubuhi na jioni maisha yake yote.

Sasa ni mwezi wa tatu. Amenawiri, anaruka kamba, sukari inasoma 5, inasoma 6. Mama mkwe ameleta unga wa mizizi kutoka kwa mtaalamu mmoja. Anasema sindano zinauzoesha mwili, zamani hazikuwepo na watoto walikua, na ugonjwa huu haukuja wenyewe. Mume wangu yuko upande wa mama yake. Wiki hii tumeacha sindano ya jioni na sukari ni 8 tu. Shuleni wenzake wanamsingizia ugonjwa mwingine kwa sababu ya sindano, na mwalimu amemkataza kula darasani. Kila usiku ananiuliza, "Mama, nitapona lini?" Namwambia ukimaliza dozi. Je, tumwache kidogo tuone? Na je, ni mimi niliyemletea haya kwa soda na juisi nilizokuwa nampa?
Mama Rehema, Mpwapwa

Mwanangu Mama Rehema. Barua yako haikusubiri zamu yake hapa. Ulipigiwa simu siku ileile ilipofika, na nashukuru Mungu sindano ya jioni imerudi na umeshazungumza na muuguzi wa kliniki. Umeturuhusu tuichapishe, na majina tumeyabadili. Lakini najua simu yenyewe uliipokea mkwe akiwa amekaa pembeni, na mengi hukuweza kuyauliza. Kwa hiyo nakujibu hapa kwa urefu, na ukiona inafaa, msomee Baba Rehema kwa sauti.

Swali la kwanza jibu lake ni hapana. Msimwache hata siku moja mkaona. Rehema ana kisukari aina ya kwanza. Insulini anayochomwa ni kitu ambacho mimi na wewe tunakitengeneza wenyewe kila tunapokula, ndani ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kuna watu wanaozaliwa na mwelekeo fulani katika damu yao, na kwa baadhi yao kinga ya mwili, ileile inayopigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia chembe zinazotengeneza insulini. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yako. Bila insulini, sukari ya chakula inazunguka kwenye damu tu. Mwili hauwezi kuitumia, unaimwaga kwenye mkojo na kuvuta maji mengi pamoja nayo. Ile kiu, ule mkojo wa usiku, ile sketi iliyofungwa kwa pini, vyote vilikuwa jambo moja.

Sasa nikueleze kinachowachanganya, maana kimechanganya familia nyingi kabla yenu. Mtoto anapofikishwa hospitali mara ya kwanza, chembe zake hazijafa zote. Zimebaki chache, zimechoka, zimezidiwa na sukari ya wiki nyingi. Insulini ya sindano ikiingia, zile chache hupata nafuu na kuanza kutoa kidogo tena. Ni kama makaa yaliyobaki chini ya jivu: ukiyapepea yatawaka vizuri, lakini kuni nyingine hakuna. Madaktari hukiita kipindi hiki fungate. Huanza wiki chache baada ya sindano ya kwanza, hudumu kwa wiki au miezi, kwa wachache hukaribia mwaka, kisha huisha bila kuaga. Wakati huo mtoto huhitaji insulini kidogo, na sukari husoma vizuri hata mkikosea hapa na pale. Ndiyo maana mliruka jioni mkaona 8 badala ya 20.

Sasa angalia unga wa mizizi ulifika lini. Ulifika mwezi wa tatu, katikati ya fungate. Mtaalamu yeyote anayetokea mwezi wa pili au wa tatu, kwa majani yoyote, mizizi yoyote au maji yoyote ya kuombewa, ataonekana amefanya kazi. Angekuja siku ile mashine ilipoandika HI, angeshindwa mbele ya macho yenu. Mkwe wako hadanganyi akisema ameona sukari ikiwa chini tangu unga ulipoletwa. Ameona kweli. Iliyoshusha ni sindano ya asubuhi, pamoja na yale makaa.

Kama fungate inamfanya asome chini ya 4 mara kwa mara, kliniki watampunguzia yuniti, pengine hadi chache sana. Kupunguza kupo, na kazi hiyo ni ya kliniki, kwa kuangalia daftari lake la namba za sukari. Kuacha hakupo. Siku atakapopata malaria au mafua makali, au atakapoanza kuvunja ungo na homoni za ukuaji zikapanda, mahitaji yake yataruka juu ghafla. Asipokuwa na insulini, mwili utaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni tindikali inayoitwa ketoni. Ndiyo iliyomtapisha na kumfanya aheme kama aliyekimbia mbio ndefu. Pengine pumzi yake siku ile ilinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Safari kutoka sukari 8 hadi chumba cha wagonjwa mahututi inaweza kuwa ya siku chache tu, na akiwa na homa, ya saa chache.

Kuhusu soda na juisi: mwanangu, hukumletea wewe. Soda nyingi na unene huchangia kisukari aina ya pili, ule wa watu wazima wengi, ambao siku hizi unawafikia hata vijana. Huo mara nyingi huanza kutibiwa kwa vidonge. Wa Rehema ni mwingine, na vidonge vya jirani mwenye kisukari haviwezi kuziba nafasi ya insulini kwake. Mtoto aliyelelewa kwa ugali na mlenda, asiyeijua soda, anaupata vilevile. Lia kwa uchungu wa ugonjwa, hiyo ni haki yako. Usilie kwa kosa ambalo hukulitenda.

Sasa mama mkwe. Sitaki umwone adui. Amemwona mjukuu wake akihema kitandani, na mwenye hofu hutafuta pa kushika. Anaposema zamani sindano hizi hazikuwepo, yuko sahihi. Lakini mtoto aliyepata ugonjwa huu zamani hakukua. Mwulize kwa upole kama hakumbuki, katika ukoo au kijijini, mtoto aliyekonda ghafla akanywa maji mengi na kufa ndani ya wiki chache, watu wakasema amerogwa. Wazee wengi ukiwauliza hivyo hunyamaza kwanza.

Hata kwa matajiri hali ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1919 binti wa mwanasiasa mkubwa wa Marekani, Elizabeth Hughes, aliugua kisukari akiwa na miaka 11, sawa na Rehema. Baba yake baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Pamoja na cheo na fedha zote za baba, tiba bora aliyopata ilikuwa njaa: daktari alimpa chakula kidogo mno ili sukari isipande, na akiwa anakaribia miaka 15 alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na wenzake walikuwa wamepata insulini mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuchomwa. Agosti mwaka huohuo Elizabeth akapelekwa huko akiwa mifupa mitupu. Alianza kuchomwa, akaanza kula, akarudi kwao msichana mzima. Aliolewa, akazaa watoto watatu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Msimulie mkwe wako habari hiyo. Msimulie na Rehema, ila sehemu ya njaa ipitie haraka.

Unga usimpe. Unaweza kuukataa bila kumvunjia mama heshima, kwa kumpa kazi nyingine ya kumlinda mjukuu. Kama Rehema anatumia insulini ile ya rangi ya maziwa, iliyochanganya ya haraka na ya polepole, basi ikikaa hujitenga: juu maji maji, chini tabaka jeupe. Kabla ya kuvuta, kichupa huvingirishwa taratibu kati ya viganja, mara 10 hadi 20, mpaka rangi iwe moja kutoka juu hadi chini. Hakitikiswi kwa nguvu, maana povu huharibu kipimo. Kikivutwa bila kuvingirishwa, leo atapata zaidi ya aina moja, kesho zaidi ya nyingine, na namba zitapanda na kushuka bila mtu kujua sababu. Kazi hiyo mpe bibi. Asubuhi na jioni akivingirishe yeye, na akitaka kumwombea mjukuu wakati anakivingirisha, amwombee. Dua na sindano hazigombani.

Na Baba Rehema naye achome. Siku mojamoja tu inatosha. Mzazi asiyewahi kushika sindano ni rahisi kusema iachwe, na ni rahisi pia kumwachia mama mzigo wote. Akijifunza kuhamisha mahali pa kuchoma, leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumbo, na kukagua kwa vidole kama pamevimba uvimbe laini unaozuia dawa kuingia vizuri, hoja ya kuacha itapungua nguvu nyumbani kwenu.

Nimekaa muda mrefu na swali la Rehema mwenyewe, "Nitapona lini?" Najua kwa nini ulimjibu ulivyomjibu. Lakini dozi haitaisha, na mtoto wa miaka 11 anahesabu siku. Siku atakapogundua, hatakuamini tena hata kwa mambo mengine, nawe unamhitaji akuamini, kwa sababu miaka michache ijayo sindano hiyo itakuwa mkononi mwake mwenyewe. Mwambie kweli, mchana, mkiwa mnafanya kazi pamoja, usingoje usiku. Mwambie: "Mwanangu, nilikuambia vibaya. Ugonjwa huu hautoki, lakini hautakuzuia. Utachoma kila siku, na utasoma, utacheza, utaolewa ukitaka, utazaa." Hayo ya kuzaa yasemwe wazi, maana bila shaka amekwisha kuyasikia mtaani kinyume chake. Atalia, umwache alie. Akiuliza kwa nini yeye, mwambie hakufanya kosa, wala hakuna aliyemtendea. Halafu mpe kitu akisimamie: yeye ndiye atoboe kidole, yeye ndiye aandike namba kwenye daftari. Akiandika 15, usigombe. Mtoto anayegombezwa kwa namba hujifunza kuandika namba za uongo, na nimeona madaftari ya vijana yaliyojaa 6 na 7 nzuri nzuri huku kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikisema vingine kabisa.

Chakula chake kiwe cha nyumba nzima. Ugali, maharage, mboga, samaki, wali kwa kiasi, saa zilezile kila siku. Sukari kwenye chai ondoeni wote, msimpikie sufuria yake peke yake.

Twende shuleni. Insulini ya mchanganyiko inayochomwa asubuhi na jioni haihitaji sindano shuleni, hivyo hakuna sababu ya kubeba bomba la sindano kwenye mkoba na kuwapa watoto maneno. Anachohitaji shuleni ni chakula. Ile sehemu ya polepole ya sindano ya asubuhi hufanya kazi kwa nguvu kuanzia saa nne na kuendelea, na mtoto asipotia kitu tumboni sukari itashuka. Ataanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo unakimbia, anakuwa mkali au anazubaa, mwandiko unaharibika. Mwalimu asiyejua atasema ana kiburi. Hapo anatakiwa apewe papo hapo vijiko viwili hadi vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, akae, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Hapo soda ni dawa, na asikataliwe kwa sababu "ana sukari". Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa. Alazwe ubavu, apakwe sukari iliyoloweshwa au asali ndani ya shavu, na akimbizwe hospitali.

Nenda kwa mwalimu mkuu na daftari la kliniki mkononi. Omba mambo matatu: ale kitu saa nne hata darasani, aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji bila kuomba mara mbili, na walimu wawili pamoja na rafiki yake mmoja wafundishwe dalili za sukari kushuka. Omba barua ya daktari ikiwezekana. Kuhusu wanaomsingizia, mwalimu akieleza darasa zima kwa dakika tano kwamba kisukari hakiambukizwi, maneno mengi yatakufa. Mwalimu anayesoma hapa, tafadhali: biskuti ya mtoto mwenye kisukari darasani si utovu wa nidhamu.

Kwenye simu ulisema insulini unaihifadhi kwenye friji ya duka la jirani. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinakaa vizuri kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini friji ya duka inayogandisha soda itagandisha na insulini, na iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Iwe mbali na barafu. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nyumbani mahali pa baridi kwa wiki nne hivi. Andika juu yake tarehe uliyokifungua. Na kwa hewa kavu ya Mpwapwa una bahati ambayo watu wa Pwani hawana: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, kitambaa chenye maji juu, kivulini palipo na upepo. Maji yakikauka yanachukua joto. Kichupa kiwe kwenye kopo au mfuko usiopitisha maji.

Gharama zako nazijua ni nauli zaidi kuliko dawa. Tanzania imo katika mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, unaowapa watoto na vijana waliosajiliwa insulini na stripu za kupimia sukari bila malipo katika kliniki zake, na chama cha kisukari nchini, TDA, kimekuwa kikisaidia kliniki hizo. Hakikisha jina la Rehema limesajiliwa, usiishie kupewa dawa za mwezi tu. Omba namba ya simu ya muuguzi ambayo itapokelewa usiku. Kliniki ijayo mwende watatu, wewe, baba yake na bibi, na bibi aulize yeye mwenyewe maswali yake yote.

Kwa wenzangu wa zahanati nina ombi. Mtoto akija na kiu, mkojo mwingi na kukonda, toboa kidole umpime sukari hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya. Tone moja la damu lingempunguzia Rehema siku za mahututi.

Na kama yupo mzazi anayesoma hapa ambaye naye amesimamisha insulini ya mtoto wake kwa sababu namba zimekuwa nzuri, asikae kuniandikia barua. Arudi kliniki leo. Mtoto akianza kutapika, kulalamika tumbo au kuhema kwa nguvu, asingoje hata asubuhi: ampeleke hospitali usiku huohuo, na akifika mlangoni neno la kwanza aseme, "Mwanangu ana kisukari na hajachomwa insulini."